Printa ipo mezani, kwenye rimoti haipo

Mwishoni mwa mwezi mmoja, saa tatu na nusu asubuhi, malori matatu yalikuwa yamepanga foleni ndani ya lango la tawi letu la Mwanza, yamekwisha kupakiwa bati na saruji, na hakuna hata moja lililoweza kutoka kwa sababu hati za kutolea mzigo hazikuwa zimechapwa. Dada wa stoo alinipigia simu Dar es Salaam, akasema maneno ambayo kwa miezi miwili iliyofuata niliyasikia hata usingizini: "Kaka, printa imekimbia tena." Nilimwuliza kama imewaka, imewaka. Nilimwuliza kama ina karatasi. Inazo, zile ndefu zenye nakala tatu. Nikamwambia achape maneno yoyote kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe, akachapa, na kupitia simu nikaisikia printa ile ya utepe ikinguruma kama cherehani ya fundi wa barazani. Printa ilikuwa nzima. Lakini ndani ya programu ya uhasibu, pale anapotakiwa kuichagua, orodha haikuwa na printa ile ya utepe. Nikamwambia atoke kwenye rimoti kabisa, aingie upya. Akaingia, printa ikaonekana, malori yakaondoka, nami nikaandika kwenye daftari langu kwamba dawa ni kutoka na kuingia upya.

Daftari lile lilinidanganya, na nitaeleza lilivyonidanganya. Kwanza niseme kazi yetu imepangwaje. Programu ya uhasibu imesimikwa kwenye seva moja ya Windows Server 2019 iliyoko makao makuu, na matawi yanaifikia kwa njia ya eneo-kazi la mbali, ambayo ofisini tunaiita rimoti tu. Dada wa stoo anapobonyeza kipanya Mwanza, kazi inafanyika Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka alipoketi, na kinachorudi kwake ni picha ya skrini. Kwa hiyo anapoamuru hati ichapwe, anaiamuru mashine ambayo haina waya hata mmoja unaofika kwenye meza yake. Nikilitazama jambo hili sasa, naona la kustaajabisha ni zile siku zote ambazo printa ilionekana bila taabu.

Wakati huo sikulitazama hivyo. Nilianza pale wanapoanzia mafundi wengi, kwenye draiva. Nasema draiva ya printa, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, maana madereva wa kweli walikuwa langoni wakinitaja kwa majina yasiyoandikika. Niliifuta draiva na kuiweka tena mara tatu, kwenye kompyuta ya Mwanza na kwenye seva pia. Nilinunua waya mpya wa USB. Nikawapigia waliotuuzia programu, nao wakanishughulisha siku nzima wakinipitisha kwenye kurasa za mipangilio yao, moja baada ya nyingine. Kila mara, mwisho wa shughuli, printa ilirudi, na kila mara nilikisifu kitu cha mwisho nilichokigusa. Nilikuwa kama mganga anayepokea kuku kwa homa iliyokuwa ikishuka yenyewe.

Kilichonitoa kwenye duara hilo ni kukaa chini na kujiuliza printa ya Mwanza inafikaje Dar es Salaam. Kompyuta ya tawi inapounganishwa na seva, muunganisho haubebi picha ya skrini na vibonyezo vya kibodi tu, bali una mikondo ya pembeni, na mmoja wa mikondo hiyo, uitwao rdpdr, ndio unaobeba habari za vifaa: diski, kadi za utambulisho, na printa. Kwa mkondo huo kompyuta ya tawi huiambia seva kwamba mimi nina printa hizi na hizi. Seva nayo, kwa kila printa iliyotajwa, hutengeneza foleni ya kuchapia yenye jina la printa ile, likifuatwa na neno redirected na namba ya kikao cha mtumiaji, yaani kule kuingia kwake kwenye seva. Mtumiaji akitoka, foleni inafutwa. Kwa maneno mengine, printa anayoiona dada wa stoo ndani ya rimoti huzaliwa anapoingia na kufa anapotoka, na inaishi kwa sababu tu kompyuta yake ilitoa taarifa kwamba ipo.

Habari ya draiva nayo ilikuwa imepitwa na wakati kichwani mwangu. Waliosimamia seva za Windows Server 2003 watakumbuka ilivyokuwa lazima draiva yenye jina lile lile iwepo kwenye seva, na isipokuwepo, kumbukumbu ya matukio iliandika tukio namba 1111 kulalamika kwamba draiva haijulikani. Windows Server 2008 ilikuja na utaratibu uitwao Easy Print, ambao kwa kawaida seva huutumia kabla ya kutafuta draiva nyingine yoyote: seva huuandika ukurasa kwa umbo la XPS, lililo mfano wa PDF, huutuma kwa mtumiaji kupitia muunganisho ule ule, na draiva iliyoko kwenye kompyuta ya mtumiaji ndiyo huongea na printa. Hivyo zile mara tatu nilizoweka draiva kwenye seva nilikuwa napasua kuni za jiko la jirani.

Nilipolielewa hilo, nikaona kwamba malalamiko ya printa kutoonekana yanaficha maswali mawili ambayo sikuwahi kuyatenganisha. Je, printa haimo kwenye kikao, au imo kwenye kikao ila programu haiioni? Kuyatenganisha hakuhitaji utaalamu. Ndani ya rimoti, si kwenye kompyuta ya mezani, unafungua Notepad, unaandika neno moja, unabonyeza Ctrl na P, unatazama orodha. Kama Notepad haiioni printa, iache programu ya uhasibu ipumzike, kwa kuwa haina kosa. Tatizo liko kati ya kompyuta ya tawi na seva. Kama Notepad inaiona, basi iache Windows, ukaongee na programu. Ningeijua njia hii mapema, ile siku nzima ya kupitishwa kwenye kurasa za mipangilio ingekwisha kwa dakika moja.

Printa ikikosekana kwenye kikao, mahali pa kutazama si pengi. Pa kwanza ni ikoni yenyewe anayoibonyeza mtumiaji. Ile ikoni ni faili dogo la maandishi, na ukilifungua kwa Notepad utakuta mstari usemao redirectprinters:i:1. Ukikuta sifuri mahali pa moja, kompyuta imeambiwa isiitaje printa yoyote. Tawi la Dodoma lilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu kijana aliyewawekea ikoni aliinakili kutoka kwa mtu wa makao makuu ambaye hachapi kwa njia hiyo. Pa pili ni sera za seva, yaani kanuni anazoziweka msimamizi, kwani ipo sera inayozuia kabisa printa za watumiaji kuletwa ndani ya vikao. Pa tatu ni huduma ya spula kwenye seva, ile inayopokea na kupanga kazi za kuchapa, pamoja na huduma ndugu yake inayoitwa UmRdpService. Mojawapo ikiwa imesimama, printa za watu wote hupotea kwa pamoja, na hilo lenyewe ni kitambulisho chake: simu zinakuja kutoka matawi yote ndani ya nusu saa.

Hapo pa spula pana historia kidogo. Julai 2021 ulitangazwa udhaifu uliopewa jina la PrintNightmare, namba yake CVE-2021-34527, ambao ulimwezesha mshambuliaji kuendesha programu zake kwenye mashine kupitia spula ya kuchapia, kwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Ushauri mmoja wa dharura uliotolewa ulikuwa kuizima spula pale isipohitajika, na wasimamizi wengi waliizima kwa haraka, mimi nikiwa miongoni mwao. Kwa seva ambayo kazi yake ni kuhudumia matawi yanayochapa kutwa, "pale isipohitajika" halikuwa letu, na niliirudisha kabla ya saa sita mchana baada ya kuweka sasisho. Mwezi uliofuata likaja sasisho jingine lililobadili kanuni: tangu hapo, kwa kawaida, msimamizi pekee ndiye anayeruhusiwa kuweka draiva ya printa. Naikumbusha habari hii kwa sababu nimeona seva ambazo spula yake ilizimwa katika wiki zile, aliyeizima akahama kazi, na aliyemrithi anahangaika na waya.

Lakini Mwanza hayakuwa hayo. Ikoni ilikuwa sawa, sera hiyo haikuwepo, spula ilikuwa hai, na matawi mengine hayakulalamika. Zaidi ya yote, tatizo lilikuwa linakuja na kuondoka, na sera au mstari kwenye faili havina tabia ya kuchagua siku.

Aliyenipa ufunguo ni dada wa stoo mwenyewe. Alikuwa amechoka kuulizwa imetokea lini, akaanza kuandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, na mtu wa stoo akiandika tarehe huandika na kilichoingia na kilichotoka siku hiyo. Nilipokwenda Mwanza na kuisoma kalenda ile, niliona kwamba karibu kila siku ambayo printa ilikimbia ilitanguliwa na siku ambayo tawi liliandika barua za benki. Barua za benki huchapwa kwa printa ya leza, iliyounganishwa kwenye kompyuta hiyo hiyo, nazo huandikwa kwenye kompyuta yenyewe, nje ya rimoti.

Nilikaa mbele ya kalenda muda mrefu kabla sijakumbuka nilichokifanya mwenyewe miezi mitatu nyuma. Watumiaji walikuwa wakilalamika kwamba rimoti inachukua muda mrefu kutulia baada ya kuingia, nami niligundua kwamba kila kompyuta ilikuwa ikiorodhesha printa sita au saba: leza, utepe, faksi, PDF, XPS, na nyingine ambazo hakuna anayejua zilitoka wapi. Seva ilikuwa inazitengenezea zote foleni, kwa kila mtumiaji, kila asubuhi. Nikawasha sera inayosema kwamba printa moja tu ndiyo iletwe ndani ya kikao, yaani ile ambayo kompyuta ya mtumiaji inaihesabu kuwa chaguo-msingi, inayotumika mtu asipochagua nyingine. Rimoti ikawa nyepesi, nikapongezwa, nikasahau.

Sasa, kompyuta ya Mwanza ilikuwa ya Windows 10, na Windows 10, tangu toleo la 1511 la Novemba 2015, ina mpangilio unaoipa mamlaka ya kujichagulia printa ya chaguo-msingi. Kanuni yake ni nyepesi: printa iliyotumika mwisho ndiyo inayokuwa chaguo-msingi. Ziunganishe hizo mbili. Jioni tawi linachapa barua za benki kwa leza. Windows inaifanya leza kuwa chaguo-msingi. Asubuhi dada wa stoo anaingia kwenye rimoti, kompyuta yake inaitaja leza peke yake, na printa ya utepe haitajwi kabisa. Mimi ninapigiwa simu. Namwambia achape kitu chochote kwa ile printa ya utepe ili nihakikishe ni nzima, anachapa, Windows, kwa utiifu wake, inaifanya utepe kuwa chaguo-msingi. Namwambia atoke na kuingia upya. Anaingia, na printa ipo. Kipimo changu ndicho kilichokuwa kikiponya, na kwa kuponya kilikuwa kikifuta alama zote za ugonjwa kabla sijaziona. Draiva, waya wa USB na zile kurasa za mipangilio havikuhusika hata kidogo, isipokuwa kwamba kila baada ya kuvigusa nilimwomba dada achape karatasi moja ya majaribio.

Niliuzima mpangilio huo kwenye kompyuta ile na kuiweka printa ya utepe kuwa chaguo-msingi kwa mkono. Kesho yake mhasibu wa tawi akapiga simu: printa ya leza imekimbia. Alikuwa na haki, kwani sera yangu ilikuwa bado inaruhusu moja tu. Basi nikaiondoa sera, nikafanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya tangu mwanzo, nayo ni kupita kompyuta moja baada ya nyingine na kufuta faksi na printa nyingine za kubuni ambazo hakuna anayezitumia.

Ndipo likajitokeza swali la pili, lile la printa iliyomo kwenye kikao lakini programu haiioni. Programu yetu ya uhasibu humruhusu mtumiaji kuchagua printa kwa kila aina ya hati, na huhifadhi jina la printa hiyo ili isiulize tena. Hilo ni jambo zuri kwenye kompyuta ya kawaida. Kwenye rimoti, jina lina namba ya kikao mwishoni. Jumatatu dada wa stoo yumo kwenye kikao cha 3, anaichagua printa iliyoandikwa redirected 3, programu inahifadhi. Jumanne anapewa kikao cha 7, printa yake sasa inaitwa redirected 7, na programu inamtafuta mtu aliyezikwa jana. Notepad inaiona printa vizuri kabisa, kwa sababu Notepad haikariri majina. Yapo na mengine ya jamii hii, nayo ni mepesi kuyatambua ukishajua: programu inayofunguka yenyewe mara tu mtumiaji anapoingia, ikasoma orodha ya printa kabla seva haijamaliza kuzitengeneza, huponywa kwa kufungwa na kufunguliwa tena; na kazi za kuchapa zinazoendeshwa na huduma ya nyuma ya pazia hazitaziona printa hizo milele, kwa kuwa huduma za Windows huishi kwenye kikao namba 0, nazo printa ni za kikao cha mtumiaji.

Excel nayo ina mkasa wake katika habari hii ya majina. Mhasibu wa tawi alikuwa na makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya Excel, ya kuchapa orodha ya mishahara, na makro ile ilitaja printa kwa jina lake kamili. Excel haitosheki na jina la printa peke yake. Hutaka lifuatwe na mlango wake, kama vile on Ne03:, na namba hiyo ya Ne inaweza kubadilika kikao kimoja hadi kingine. Nilimwandikia mistari michache ya kuisoma namba ya siku hiyo kutoka kwenye rejista ya Windows, inamohifadhi mipangilio yake, chini ya HKCU, sehemu ya mtumiaji, kwenye ufunguo wa Devices wenye orodha ya printa za mtumiaji. Imefanya kazi tangu hapo, ingawa kila nikiitazama naona aibu kidogo.

Kwa hati za mzigo nilikata shauri kwamba printa ya utepe isiwe tena ya kuzaliwa na kufa. Tulinunua kijisanduku cha kuiunganisha printa na mtandao, tukakipa anwani isiyobadilika, na kwa kuwa tawi limeunganishwa na makao makuu kwa VPN, njia ya faragha ya mtandao, seva sasa inaifikia printa ile moja kwa moja kupitia mlango wa mtandao namba 9100. Kwenye seva ina foleni ya kudumu yenye jina la stoo, bila neno redirected wala namba. Mara hii draiva kwenye seva ilikuwa ya lazima, na niliiweka mwenyewe kwa mamlaka ya msimamizi. Faida nyingine sikuitarajia. Easy Print huupeleka ukurasa kwa printa ya utepe kama picha, na printa ile huichora picha mstari kwa mstari, kwa kelele na taratibu mno; kwa draiva yake yenyewe na herufi zake yenyewe, hati inatoka kabla dereva hajainuka kwenye benchi. Hasara ipo pia: VPN ikikatika, hata anayeingia kwenye rimoti kwa njia nyingine hawezi kuitumia foleni hiyo, na kwa siku hizo dada wa stoo ana kitabu cha hati za kuandika kwa mkono, ambacho sikuthubutu kumwambia akitupe.

Limebaki jambo moja, nalo ni la mhasibu mkuu, ambaye sote tunamwita Mama. Mama hatoki kwenye rimoti. Jioni hufunga dirisha kwa alama ya msalaba na kwenda nyumbani. Kikao chake kinabaki hai kwenye seva na programu zote zikiwa wazi. Usiku huingia kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani, anaukuta ukurasa wake pale pale alipouacha, na seva inaondoa printa za ofisini na kuleta ya nyumbani kwake. Asubuhi anarudi ofisini, programu aliyoiacha wazi bado inaikumbuka printa ya nyumbani, naye ananiita. Niliweka ukomo: kikao kilichokatwa bila kufungwa kifutwe baada ya saa mbili. Siku ya pili alikuja mezani kwangu akiwa ameshika miwani mkononi, akaniambia kwamba leja aliyokuwa hajaihifadhi imepotea na kwamba yeye hajawahi kupoteza leja tangu enzi za vitabu vya jalada gumu. Tulizungumza kwa heshima, na kwa muda. Nimeongeza ukomo ukawa saa nne, naye amekubali kuifunga programu ya uhasibu kabla ya kuondoka, hata kama dirisha la rimoti ataendelea kulifunga kwa msalaba.